Hatukuacha Kazi

Jumatatu, 27 Oktoba

Radi imepiga transfoma ya kiwanda leo wakati wa chakula. Nilikuwa maabara na chupa ya sampuli mkononi. Taa zikazimika, dirisha likapasuka, na nyuma ya jengo kukatoka moshi mweusi. Hakuna aliyeumia. Damas, mjumbe wetu wa sendika, chama cha wafanyakazi, alikuja mbio kutoka kantini akiwa bado anatafuna. Nimefanya kazi naye miaka kumi na moja, na sijawahi kumwona akikimbilia jambo lolote ila chakula na bia.

Naandika humu kwa sababu nikisema yote ninayofikiri nitagombana na watu wote wa Panda, mtaa wetu hapa Likasi. Mume wangu Adolphe anachimba madini huko Kakanda, anarudi Jumapili tu, na Jumapili anataka kulala.

Jumanne, 28 Oktoba

Hakuna umeme. Tumefagia vioo.

Ijumaa, 31 Oktoba

Wametukusanya langoni. Ruffin, mkuu wa wafanyakazi, alipanda juu ya kreti ili tumwone. Namheshimu Ruffin. Anaimba besi katika kwaya yetu ya parokia na hajawahi kumpandishia mtu sauti.

"Ni congé technique," alisema. "Haiko licenciement. Contrat yenu iko, inalala tu. Transfo ikifika, tutabaita bote."

Kwa hiyo tumesimamishwa, hatukuachishwa. Tutapata sehemu ya mshahara, mfuko wa bunga, unga wetu wa mahindi, kila mwezi, na hospitali ya kampuni itaendelea kututibu. Mimi nilitaka kusikia hilo la hospitali tu. Binti yangu Shekina ana miaka tisa na ana ugonjwa wa damu, selimundu, ule tunaouita SS. Maumivu yakimshika, kila kiungo kinamuuma, na wakati mwingine lazima aongezwe damu. Kadi yake ya matibabu inakwenda na kontra yangu, mkataba wa kazi. Kontra ikifa, kadi inakufa siku hiyohiyo.

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Jumapili, 9 Novemba

Misa. Ruffin aliimba vizuri.

Mama Henriette, mama mkwe wangu, alikwenda kwenye chumba chake cha maombi, kikanisa cha walokole, na kurudi amekauka sauti. Alikuwa akikemea radi. Nilimwambia radi imeshapiga, amechelewa. Hakucheka. Anaishi nasi tangu Julai, na tangu Julai sijajua sufuria zangu ziko wapi.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Ndoo tatu chini ya paa, na Mama Henriette amezipanga upya.

Jumatano, 26 Novemba

Nimekutana na Damas kwenye duka la mkate, mchana kweupe, bila chupa. Nilimuuliza nini kitatokea transfoma isipokuja. Nilitegemea aniambie tumtumainie Mungu. Badala yake aliweka mkate chini ya kwapa na kunifundisha kama mwalimu.

"Mama Martine, sikia. Kufukuzwa, ni juu ya kosa yako: uliiba, ulipiga chef. Basi banakuambia kosa na unajibu. Kupunguzwa, haiko kosa yako, kazi njo imepunguka. Pale patron analomba ruhusa ku Inspection, ofisi ya Serikali ya kazi, analeta liste na sababu, bale baliingia nyuma banatoka mbele, analipa préavis, feza ya taarifa. Lakini départ volontaire, ni weye mwenyewe umesema bakia bien, minye naenda. Pale patron haombe ruhusa ku muntu. Njo maana banaipendaka."

Naijua hiyo ya mwisho. Baba yangu alitia saini kuondoka kwa hiari mwaka 2003, yeye na maelfu wengine, kutoka kampuni kubwa ya zamani. Aliitia saini kwa macho wazi, na hata hivyo mpaka anazikwa alikuwa akiamka saa ya zamu, anavaa viatu, kisha anakaa kitandani. Nilikuwa nikimchukia kwa kukaa pale.

Ijumaa, 19 Desemba

Shekina ameshikwa tangu jana. Tumelazwa. Wamemwongezea damu asubuhi, na sasa amelala na mkono wake juu ya daftari hili, kwa hiyo naandika pembeni.

Leo ilikuwa siku ya bunga kiwandani. Mama Henriette alikwenda kunichukulia. Alipita hospitali jioni, nguo zimelowa, akaniambia mfuko uko nyumbani.

"Banaita jina yako, nikasema ni muke ya mutoto yangu, iko ku hospitali. Banasema weka kidole. Nikaweka. Mufuko nimelipa muntu wa pousse-pousse aisukume."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Hapa kwetu bunga huchukuliwa na yeyote mwenye nafasi: mke, mume, shangazi, jirani. Mtu anataja jina, anatia saini, anabeba. Haijawahi kuwa jambo la kufikiria.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Shekina amekula kuku na kuniambia uso wangu unatisha nikiwa na njaa.

Alhamisi, 8 Januari

Transfoma imefika. Imepita barabara kubwa juu ya lori lenye magurudumu ambayo Shekina ameyahesabu mara mbili. Wamama wa bowa waliacha uyoga wao kando ya njia wakashangilia, na mimi nikashangilia nao. Nimepiga pasi ovaroli yangu. Mama Henriette alisema maombi yake yameleta lori. Kwa leo nimemwachia.

Jumatatu, 12 Januari

Nimerudi kutoka langoni sasa hivi. Nitaandika polepole ili nisipasue karatasi.

Nilifika mapema na ovaroli yangu. Kulikuwa na umati mbele ya ukuta. Ukutani kumebandikwa orodha, na juu yake maneno: *Départs volontaires, wafanyakazi walioomba kuondoka kwa hiari yao.* Majina mia moja themanini na sita. Langu ni la arobaini na moja.

Mwanzoni nilidhani ni makosa ya mashine. Kisha mzee mmoja wa tanuri akasema, "Minye sikuomba kitu. Nilisaini bunga tu." Na mwingine akasema hivyohivyo, na mwingine. Tarehe ya kuondoka kwetu ni 19 Desemba, siku ya mifuko. Siku ile waliweka karatasi yenye mistari mezani kama kila mwezi, watu wakapanga foleni kwenye mvua, na nani anasoma kichwa cha karatasi ya bunga? Wengi wanasema hakikuonekana hata, kilikuwa kimefunikwa na kibao cha kuandikia. Tunasaini karatasi ile tangu wazee wetu, tunasaini huku tunatazama mfuko.

Basi hatukufukuzwa, maana hatuna kosa. Hatukupunguzwa, maana wangetakiwa kwenda Inspection na orodha na sababu. Tumeacha kazi. Ndivyo karatasi inavyosema.

Ruffin alitoka kwa dakika chache. Sauti yake ilikuwa ileile ya kwaya. "Muntu alisaini, amesaini," alisema. Nyuma yake mabasi mawili yaliingia na vijana wenye kofia mpya za njano. Ni watu wa sous-traitant, wa kampuni nyingine ndogo inayokodisha wafanyakazi. Mmoja alinisalimia kwa adabu, na sikuweza hata kumchukia.

Nilirudi nyumbani na kumpigia kelele Mama Henriette mpaka jirani akazima redio. Nilimwambia ameniua kwa kidole. Nilimwambia kidole chake kimemuua mtoto. Alisimama tu na kijiko mkononi.

Jumanne, 13 Januari

Hospitali. Msichana wa dirishani aligeuza kadi ya Shekina, akaingiza namba, akasema kwa sauti ndogo, "Inafungwa, mama." Haikuwa kosa lake. Nililia barabarani, mchana, mbele ya watu.

Ijumaa, 16 Januari

Sisemi na Mama Henriette. Naye hapangi tena sufuria. Nyumba imekuwa kimya na siipendi.

Jumanne, 20 Januari

Damas amekuja, amelowa mpaka magotini. Siku ile ya orodha alipiga picha kila ukurasa wa ukutani, pamoja na saini zilizoambatanishwa, kabla walinzi hawajamwondoa. Alitaka nimsaidie kusoma majina kwa kuwa macho yake yamechoka. Nilipokea simu yake bila imani yoyote, nikakuza picha mpaka kwenye jina langu. Karibu na namba arobaini na moja kulikuwa na alama ya kidole gumba.

Nikaitazama. Miaka kumi na moja nimeandika matokeo ya maabara kila siku kwa mkono wangu na kutia saini chini. Ruffin mwenyewe ana mamia ya saini zangu.

"Papa Damas," nilisema, "minye nawekaka kidole?"

Aliinama tena juu ya simu. Kisha akakaa kwenye ndoo, maana hakuona kiti.

"Bangapi hawakuendaka benyewe siku ile?" aliuliza.

Mama Henriette alikuwa mlangoni. Ni yeye aliyejibu. "Kwenye foleni tulikuwa bamama bengi. Na ule shemeji ya Mado. Na Steve wa makaa, alikuwa na majina tatu ya kuchukulia bunga."

Ni maneno ya kwanza kusemwa kati yetu kwa wiki nzima, na yalikuwa ya maana kuliko yangu yote.

Jumamosi, 24 Januari

Tunapita nyumba kwa nyumba. Swali ni moja tu: nani alikuletea bunga ya Desemba? Damas anajua kila mlango wa kambi ya wafanyakazi, nani amehama, nani mgonjwa, nani anaficha mbwa. Nilidhani miaka yote hii alikuwa akitembea kutafuta bia. Kumbe alikuwa akitembelea watu, na watu ndio waliokuwa wakimpa bia.

Jumatano, 28 Januari

Mvua. Nyumba ishirini na mbili. Mama Henriette anatangulia, kwa sababu wamama wanaoogopa karatasi hawamwogopi yeye. Anaanza na habari za watoto, anamaliza na kidole.

Ijumaa, 30 Januari

Tumemaliza. Kati ya watu mia moja themanini na sita, mia moja na watatu hawakuchukua bunga yao wenyewe. Tumeandika kila jina na jina la aliyemchukulia. Wanane walikuwa nje ya Likasi. Mmoja alikuwa anazikwa: alifariki tarehe 17 Desemba, na mjane wake alitumwa na familia kuchukua mfuko wa matanga. Kwa karatasi ya Ruffin, marehemu ameondoka kwa hiari siku mbili baada ya kufa.

Damas amepeleka malalamiko Inspection ya kazi. Wamempa tarehe.

Jumapili, 1 Februari

Baada ya misa Ruffin alinisubiri kando ya ukuta wa parokia. Alisema amesikia tunazunguka. Alisema kwa upole kwamba maabara inanihitaji, kwamba wale vijana wa sous-traitant wanachanganya chupa. Nikitaka, naweza kuanza Jumatatu ijayo chini ya kampuni ile ndogo, na yeye mwenyewe atahakikisha kadi ya Shekina inafunguliwa.

"Peke yako tu, Mama Martine. Na ile liste yenu, uachie Damas."

Sitadanganya daftari langu. Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Shekina alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa, macho ya njano, anasubiri twende.

Nilisema nitafikiri. Nyumbani nikawaeleza Adolphe na mama yake. Adolphe alisema chochote nitakachoamua ni sawa, jambo ambalo wanaume husema wakichoka. Mama Henriette aliweka chini kisu cha vitunguu.

"Weye fanya vile unaona, mutoto ni wako na minye siwezi kukulaumu. Lakini minye nitakwenda tu ku Inspection. Kidole ni yangu. Hawaezi kusema kidole yangu iliacha kazi ya muntu."

Nikamwomba msamaha, pale jikoni, mbele ya mwanawe. Nilipaswa kufanya hivyo wiki mbili zilizopita. Akasema, "Kata vitunguu kwanza." Kesho nitamwambia Ruffin hapana.

Ijumaa, 6 Februari

Shekina ameshikwa tena. Masista wa zahanati ya parokia wamempa dawa na maji, na muuguzi wetu wa hospitali ya kampuni alikuja kwa siri baada ya zamu. Amepona kidogo jioni. Sikujuta jibu langu. Niliogopa tu, siku nzima.

Alhamisi, 12 Februari

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Inspekta ni mwanamke, Madame Michelle, mwembamba, miwani kwenye kamba. Ofisi ni ndogo, kwa hiyo tuliingia ishirini na wengine wakabaki dirishani. Ruffin alikaa na wakili kutoka Lubumbashi. Wakili alisema hapa hakuna kupunguzwa kwa wafanyakazi, hakuna kuachishwa, kuna watu wazima walioamua kwenda, na saini zao hizi hapa. Aliisukuma karatasi mbele ya inspekta. Lazima niseme alivaa vizuri.

Inspekta aliuliza, "Hizi saini na vidole ni vya wafanyakazi wenyewe?"

"Vyote, Madame," alisema Ruffin.

Nilimtazama aliposema hivyo. Miaka saba nimesimama mstari wa mbele yake kwenye kwaya.

Damas akainuka. Hakupayuka. Alisoma namba na majina, moja baada ya jingine, na kila jina lilipotajwa aliyelichukulia bunga aliinuka au alinyoosha mkono dirishani. Kwa namba arobaini na moja aliinuka Mama Henriette. Alikuwa amevaa kitenge chake cha maombi.

"Mama, unafanyaka kazi gani mu kampuni?" aliuliza inspekta.

"Hakuna. Minye nauzishaka samaki ya kukausha ku soko."

"Sasa hii kidole ni ya nani?"

"Ya minye."

Inspekta akatoa kibao cha wino. Mama Henriette akaweka gumba pembeni ya karatasi, akalifuta kwenye kitenge bila kujali. Inspekta alilinganisha kwa muda mrefu. Wakili alianza kusema kwamba mama huyo alitumwa na mfanyakazi, kwa hiyo alimwakilisha.

"Nilitumwa kubeba bunga," alisema Mama Henriette. "Bunga nilibeba. Ile ingine hawakuniambia nibebe."

Dirishani walicheka. Hata karani alicheka, akajificha nyuma ya faili. Steve wa makaa alipoinuka kwa majina yake matatu, inspekta alimuuliza kama ameacha kazi tatu kwa siku moja, na Steve akajibu kwamba hajawahi kupata hata moja. Mjane alipoinuka, hakuna aliyecheka. Alisema tu jina la mumewe na tarehe ya mazishi. Ruffin aliinamisha kichwa, na hakukiinua tena.

Wakili aliomba basi wale themanini na watatu waliosaini wenyewe wahesabiwe kuwa wameondoka. Inspekta akavua miwani.

"Maître, muntu mwenye anataka kwenda, anaandika barua yake mwenyewe. Kama kampuni inataka kupunguza, ilete ombi hapa, na sababu, na liste, na préavis, tutaisoma. Kama inafukuza, iseme kosa ya kila muntu. Karatasi hii haiko moja ya ile yote. Ni karatasi ya bunga."

Alisema uamuzi utaandikwa na kutumwa. Lakini sisi tuliokuwa pale tulikuwa tumeshausikia. Tulirudi Panda kwa miguu, kwenye matope, tukiimba, Wakatoliki na wa vyumba vya maombi, kila mmoja na wimbo wake. Damas alinunuliwa bia na watu wengi kiasi kwamba nilimwomba Mama Henriette amsindikize nyumbani. Na nilimnunulia moja mimi mwenyewe.

Jumatatu, 23 Februari

Barua imefika. Karatasi ya tarehe 19 Desemba haina nguvu kwa jina lolote. Wote mia moja themanini na watano tulio hai hatujawahi kuacha kazi, kontra zetu zilikuwa zimelala tu, na kwa kuwa transfoma inafanya kazi, tunaitwa. Familia ya marehemu italipwa haki zake kama za mtu aliyekufa akiwa bado mwajiriwa, si kama za aliyeondoka.

Nilikwenda hospitali moja kwa moja na Shekina. Msichana wa dirishani aliingiza namba, akatabasamu kabla hajasema. Shekina aliomba aibonyeze tena ili aone.

Alhamisi, 26 Februari

Ruffin hakuja mazoezi ya kwaya. Wanasema amehamishwa. Sikufurahi kama nilivyodhani. Nilifurahi, lakini si kiasi hicho.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ilikatika alfajiri. Tulikuwa langoni wote, ovaroli zimepigwa pasi, wake kwa waume wamesindikiza. Mkurugenzi alitoka na mkuu mpya wa wafanyakazi, kijana mwenye haraka, akiwa na karatasi kwenye kibao.

"Musaini hapa ya kurudia kazi, muingie," alisema. "Haraka, tanuri inangojea."

Mzee wa tanuri alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alichukua kibao, akaondoa karatasi kutoka chini ya klipu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akavaa miwani. Akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, toka kichwa cha karatasi. Alipomaliza, akarudia kifungu cha pili. Kisha akatia saini na kumpa wa pili, na wa pili akaanza toka kichwani.

Kijana alitazama saa. Alijaribu kusema kwamba karatasi ni ileile. Damas akamwambia, kwa heshima zote, "Tunajua, chef. Tunasoma tu."

Wasiojua kusoma walisomewa. Mama mmoja wa usafi alitaka asomewe kwa Kibemba, akasomewa kwa Kibemba. Jua likapanda. Mkurugenzi aliletewa kiti, akakaa, akasimama, akakaa tena. Wale wa nje ya lango walipika chai. Hakuna aliyeingia peke yake. Kila aliyemaliza alisimama pembeni akingoja wenzake.

Zamu yangu ilifika karibu na adhuhuri. Niliisoma yote, na tarehe, na nukta. Ilisema kwamba Martine, mfanyakazi wa maabara, anaendelea na kazi yake ambayo hakuwahi kuiacha. Nikatia saini kwa mkono wangu, ile ndefu yenye mkia, na nikampa kalamu aliyenifuata.